Kipimo cha Mguu wa Derick

Anneth ana wivu, na mimi jirani yake sitamsitiri. Wivu wenyewe si wa mke mwenza. Anamwonea wivu mama mkwe wake, Generoza, kwa sababu ya mtoto ambaye Anneth alimzaa mwenyewe.

Wiki nzima Anneth huwapikia ugali madereva wa malori pale Benaco na kulala hukohuko. Jumamosi ndiyo hurudi kwetu Nyakahura. Derick, mwanawe wa mwaka mmoja, hubaki na bibi. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", na alimwambia bibi. Siku hiyo Anneth alicheka pamoja nasi, kisha akaenda nyuma ya jiko kulia. Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Ukitaka kumwona Anneth akivimba kama andazi, sema hilo mbele yake.

Basi Derick alipoanza kusimama, Anneth aliapa: viatu vya kwanza atanunua yeye, atamvalisha yeye, na mtoto atapiga hatua ya kwanza kuja kwake.

Huku kwetu mtoto hasumbuliwi kupelekwa gulioni kujaribishwa viatu. Unakata unyasi sawa na unyayo wake, muuzaji anaupitisha ndani ya kiatu. Jumapili, Anneth akiwa anaondoka, Generoza alimkimbilia na kipande cha unyasi.

"Mama Derick, kipimo hiki hapa. Nimemwachia na nafasi ya kukua."

"Asante, mama."

Alipofika konani akautupa migombani. Mwanawe apimwe na mtu mwingine? Thubutu!

Jumamosi iliyofuata alishukia gulioni. Bulugu, muuza viatu, akamuuliza kipimo kiko wapi. Anneth akakunjua kiganja, akaonyesha chini ya vidole.

"Mguu wa mwanangu unaishia hapa. Nilikuwa naushika nikimnyonyesha."

"Dada, huo ni wa kunyonya. Huyu si anasimama?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nipe vile vyekundu."

Alipofika nyumbani alituita majirani tushuhudie, nami sikuwa wa kukosa. Akakaa mkekani, akamweka Derick mbele yake, akaingiza mguu. Kisigino kikabaki nje. Akasukuma. Akasukuma tena. Derick akapiga yowe, akanyoosha mikono kwa bibi yake.

"Mama! Mama!"

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Viatu vya siku hizi wanavishona vidogo," Generoza akasema taratibu. "Bulugu atakubadilishia."

Hakuuliza habari za unyasi. Alijua, na sote tulijua. Huruma ile ilimuuma Anneth kuliko kama bibi angemtukana.

Akainuka, akaenda pembeni mwa uwanja, akang'oa unyasi. Akarudi, akapiga magoti, akaushika mguu wa mwanawe. Derick akarusha mateke na kulia mpaka akakohoa. Anneth akajaribu mguu wa pili. Mateke yaleyale. Akamtazama mama mkwe wake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, "nishikie."

Generoza akampakata. Mtoto akanyamaza papo hapo. Anneth akaulaza unyasi kwenye unyayo wa mwanawe, mapajani mwa mwanamke mwingine, akaukata kwa meno. Safari hii aliufunga kwenye pindo la khanga.