Kitu Alicho Nacho Mwanaheri

Mpira wa pete mimi siujui, na mtu asinizushie kwamba naujua. Ninachojua ni nguo. Niletee belo la mitumba pale sokoni, nilipasue, nikishika shati tu nitakwambia hili la mtu wa ofisini na hili la mkulima wa mboga wa Mgeta. Lakini wanawake saba kujibandika herufi kifuani, kurushiana mpira, mara filimbi inalia, unauliza kosa ni nini unaambiwa "katembea", hayo nawaachia wenyewe. Sasa tazama mkosi wangu, nikaoa mchezaji.

Anaitwa Mwanaheri. Mimi humwita Mama Raya, na mji mzima enzi zake ulimwita Mashine. Aliteremka kutoka Matombo akiwa msichana, akafikia kwa shangazi yake, na kule kwenye kiwanda cha nguo hawakumuuliza cheti, walimuuliza kama anajua kudaka mpira. Ndivyo ilivyokuwa zamani hizo. Kiwanda cha umma lazima kiwe na timu, na ukijua kucheza umepata ajira: asubuhi uko kwenye mashine ya uzi, alasiri uko uwanjani.

Alivaa GA. Nilivyoeleweshwa mimi, katika wale saba wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS anayekaa chini ya pete na GA anayeingia na kutoka. Mke wangu alifunga mpaka wapinzani wakawa wanaona haya. Akamzaa Raya, akarudi uwanjani. Akazaa wengine wawili, akarudi. Ila magoli nayo yakawa yanapungua, kila msimu machache kuliko uliopita, mpaka ikawa mechi nzima anafunga mawili, matatu, na siku nyingine hakuna.

Wakati huo akaja Kristina, binti mrefu wa Mahenge, akapewa GS. Basi ikawa Kristina, Kristina. Kristina kafunga ishirini, Kristina kafunga thelathini. Sokoni wakinichokoza kwamba Mashine imeishiwa mafuta, najibu ng'ombe hazeeki maini, wanacheka, nami nacheka. Moyoni sikuwa na hakika hata kidogo.

Halafu ukaja wakati wa ruksa, kila kitu kikawa soko huria. Vitambaa vya kiwandani vikajaa ghalani kwa kukosa wanunuzi, mitumba yangu ikawa inagombewa. Shemeji zangu waliniambia usoni, "Wewe ndiye unayekiua kiwanda cha mkeo." Sasa hapo nijibu nini? Watoto walikula kwa mitumba na walikula kwa kiwanda, na kimoja kilikuwa kinamla mwenzake.

Kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji. Wakaanza kupunguza watu, idara baada ya idara. Ila meneja mpya alitangaza kwamba timu itabaki, kwa kuwa tajiri anataka jina la vitenge vyake lionekane kwenye jezi. Wachezaji kumi watabaki na kazi zao. Wao walikuwa kumi na watano. Kamati ya timu ikaambiwa ichague, na neno alilotumia yule meneja ni kwamba anawataka "wanaozalisha". Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni Mama Raya, na nilimfikiria kwa hofu, kwa sababu kwenye mpira kuzalisha si ndiko kufunga?

Biashara ya mitumba ina siku zake. Ukipasua belo baya unakaa mwezi mzima na makoti ya baridi ambayo hapa mjini hayamfai mtu. Mshahara wa mke wangu ndio ulikuwa nguzo ya nyumba, nasema wazi. Ukianguka, tumeanguka sote.

Wiki ile ile akanijia Mzee Mwinshehe kwenye meza yangu. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi, ndiyo hiyo hiyo iliyoambiwa ichague, na kila anayefuatilia michezo ya nchi hii anajua kwamba kamati ya ufundi haihusiki na ufundi. Inahusika na waganga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba Raya, mkeo anatumia nini?"

"Anatumia nini kwenye nini, mzee?"

Akavuta kigoda, akakaa, akashusha sauti. "Sikiliza. Alipolala na malaria tulicheza bila yeye. Timu ile ile, Kristina yule yule. Tukafungwa na Kilosa, tukafungwa hadi na wanafunzi. Kristina akirusha, mpira unagonga chuma unarudi. Mkeo akarudi. Hafungi. Lakini tunashinda. Hebu wewe niambie, mtu hafungi, na akiwepo mnashinda, hapo hakuna kitu?"

"Labda bahati."

"Bahati haina ratiba, mwanangu. Na bibi yake wa Matombo tunamfahamu."

Kweli bibi yake ana dawa za watoto, za degedege na tumbo, wala hilo si siri. Lakini neno la Mwinshehe liliniingia kama funza. Siku zile nikawa namtazama mke wangu anavyofunga kamba za viatu, nachunguza kama anaanza na mguu wa kushoto. Siku moja alipokwenda kisimani nikafungua mkoba wake wa mazoezi. Ndani, chini ya soksi, nikakuta kifurushi cha kitambaa. Nikakifungua. Magome. Nikayanusa, mdalasini. Nikalamba kidogo, huku nimejiandaa kwa lolote. Mdalasini. Lakini mdalasini gani huo unaokaa na viatu vya mpira? Nikakirudisha kama kilivyokuwa, na kichwa changu kikazidi kuvurugika.

Nikaona bora niende nikashuhudie, mwenye macho haambiwi tazama. Jumamosi nikamwachia jirani meza, nikaenda uwanja wa kiwanda. Walikuwa wanacheza na timu ya Dar.

Jamani, nilichokiona kilinitia aibu. Mama Raya alikuwa anakimbia ambako hakuna mpira. Mpira uko huku, yeye anachomoka kwenda pembeni, na beki mmoja mkubwa wa Dar anamfuata kule kule, wanasimama wawili kama waliopotea njia. Akiupata mpira, anaupatia mahali pazuri, chini ya pete kabisa, mtoto mdogo angefunga. Mabeki wanamrukia wote wawili. Badala ya kurusha, anaupitisha chini ya kwapa zao unamwendea Kristina, ambaye amesimama peke yake. Kristina anafunga, uwanja unalipuka. Tena na tena vile vile. Katikati ya makelele namsikia mke wangu akisema, "Tulia, mdogo wangu. Tulia." Mpaka mwisho alifunga goli moja, na timu ikashinda kwa mbali. Waliokaa karibu yangu walimbeba Kristina juu juu. Mmoja akaniambia, bila kujua mimi ni nani, kwamba huyo mama angepumzishwa tu.

Jioni, mke wangu anafua, nikaanza kwa kuzunguka. Nikauliza habari za mdalasini.

"Umepekua mkoba wangu?"

"Nilikuwa natafuta sindano."

"Ni wa chai. Tunachemsha kwa Kristina baada ya mazoezi. Nani kakutuma?"

Nikamweleza yote ya Mzee Mwinshehe. Kwanza alicheka mpaka akaacha kufua. Nikamwambia asicheke, kamati itamwita, na jambo lenyewe ni baya kila upande. Akisema dawa anayo, watamwambia aitoe, na wakishaipata yeye wa nini? Akisema hana, basi ni mama mtu mzima asiyefunga, na kazi imekwenda.

"Kwa hiyo sema ipo," nikamshauri, "lakini ni ya ukoo, haifanyi kazi mkononi mwa mtu mwingine. Nyinyi Waluguru ukoo wenu unapita kwa mama, watakuamini mara moja."

Alikamua gauni la Raya taratibu. "Nikisema hivyo, Baba Raya, miaka yangu yote pale uwanjani inakuwa ya bibi."

"Na usiposema?"

Akachukua shati la mwisho, akalikamua. Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia heshima hailiwi na ugali. Akaanika nguo, akaingia ndani.

Kamati ilikaa ndani ya ghala la uzi, na mimi niliitwa kama mume, nikapewa robota la pamba nikalie. Walikuwa wazee watano. Mwinshehe alianza kwa upole mwingi. Alimwambia mke wangu kwamba pale ni nyumbani, hakuna la kuogopa, na wanachotaka kujua ni kile alicho nacho.

Mwanaheri alisimama katikati yao akiwa amevaa khanga na viatu vya mpira, katoka mazoezini.

"Sina dawa, wazee wangu," akasema. "Naomba mnisikilize. Kristina akikabwa na beki mmoja, anafunga. Akikabwa na wawili, mkono unamtetemeka. Kwa hiyo beki mmoja namchukua mimi, naenda naye pembeni, kwa sababu bado wananiogopa kwa mambo ya zamani. Nikiupata mpira chini ya pete wanakuja wote kwangu, wanadhani nitafunga. Namrudishia yeye, yuko peke yake. Zamani nilikuwa naruka. Siku hizi siruki, goti halitaki. Ndiyo nikatafuta njia nyingine, na hiyo njia imenichukua miaka kuijua. Nikimwona anatetemeka namwambia atulie. Ni hivyo tu."

Mwinshehe akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye. Kisha tabasamu likaanza kwake, likawazungukia wote.

"Mwenye nacho hasemi," akasema mmoja wao.

"Hasemi," akaitikia Mwinshehe. "Haya, mama, tumekuelewa. Hatutakusumbua tena. Jina lako ni la kwanza kuandikwa. Ila tunakuomba jambo moja, timu nyingine ikikuita usikihamishe."

"Kukihamisha nini, mzee?"

"Hicho hicho," akasema, na wazee wakacheka kwa adabu.

Nilitoka mle ndani miguu haigusi ardhi. Kazi imepona, Raya atasoma. Na yale maelezo yake, ya beki huyu na beki yule, niliyaona ni werevu wa ajabu. Nilijua mke wangu ana akili, sikujua kama ana akili ya namna ile. Tukavuka barabara, tukashika njia ya kwetu, nikashindwa kujizuia.

"Umewaweza, Mama Raya. Umekificha mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini hakipo."

Alisimama. Pale pana ukingo wa mtaro, akakaa juu yake na viatu vyake vile vile, akaanza kulia. Nami nimeishi naye miaka, nimemwona kwenye msiba wa mama yake, sikuwahi kumwona akilia hivyo, waziwazi, watu wanapita na baiskeli wanageuka kututazama.

"Kwani nini tena?" nikasema. "Si umebaki? Kuna kumi wamebaki na wewe ni wa kwanza."

"Aliyebaki ni bibi," akasema. "Mimi nimewaeleza kwa mdomo wangu, neno kwa neno. Hakuna hata mmoja aliyesema nacheza."

Nilitaka kumshika bega, nikaona watu, nikauacha mkono ukining'inia.

Akajifuta kwa pembe ya khanga. Alipozungumza tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

"Na wewe ulikuja Jumamosi. Ulikaa mpaka mwisho, nilikuona. Uliniona nikifanya nini?"

Nikatafuta kichwani. Magoli ya Kristina niliyakuta yote, hata lile lililozunguka kwenye chuma kabla ya kuingia. Mke wangu nilimkuta anakimbia pembeni bila mpira, na mimi nimeinamisha uso nisijulikane kwamba ni wangu.

"Ulicheza vizuri," nikamwambia.

"Vizuri vipi?"

Alinisubiri. Alinisubiri kweli, kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafunga khanga yake vizuri, akatangulia mbele.