Makaburi Nyuma ya Banda la Tumbaku

Wakati huo nilikuwa nikimtunza mjane mmoja mzungu aliyeishi peke yake katika nyumba ya mbao, nje kidogo ya Upper Marlboro, mji mdogo karibu na Washington. Shamba la ukoo wake lilikuwa limebaki kipande tu. Pande tatu zilishajaa nyumba mpya zinazofanana, na upande wa nne, penye banda la tumbaku lililoinama, mwanawe alikuwa akiiuzia kampuni ya ujenzi. Mimi nilimwogesha, nikampikia, nikamvisha soksi zile ngumu za kubana miguu.

Historia ya kaunti niliijua kwa sababu ya soksi hizo. Kuzivisha kulichukua muda, naye hakupenda kimya. Aliniambia jinsi mababu zake walivyovuka bahari wakapewa ardhi na mfalme, wakawakuta wenyeji kando ya mto, na jinsi wenyeji hao "walivyoondoka." Kisha tumbaku, vizazi na vizazi vya tumbaku. Kisha vita vilivyomaliza utumwa, na baada ya vita watu waliolima shamba la wengine kwa kugawana mavuno. Alipokuwa msichana kulikuwa na minada mjini, na baba yake alimruhusu kunusa majani kabla hayajauzwa. Mwishowe serikali ikawalipa wakulima waache tumbaku, na wafanyakazi wa maofisi ya Washington wakaja kutafuta nyumba.

Waliolima tumbaku hiyo bila malipo aliwaita "watu wetu." Siku moja nikimtembeza uani, aliinyooshea kidole mierezi iliyo nyuma ya banda. "Pale wamelala watu wetu," akasema, kama anayenionyesha kisima. Baadaye nilikwenda peke yangu nikaona mawe yasiyo na maandishi, yamezama kwenye majani. Bibi yangu alichuma pareto kwenye shamba la mlowezi huko kwetu Molo, na mlowezi yule naye alisema "watu wangu."

Jumamosi moja asubuhi gari lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka mzee mweusi aliyevaa suti, akifuatwa na binti yake, mtu mzima. Mzee alivua kofia nilipofungua mlango.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Nyanya wa mama yangu alizaliwa kwenye shamba hili. Tumesikia linauzwa. Tunaomba tu kuona walipozikwa."

Niliwaomba wasubiri. Ndani, yule mjane, ambaye nilimwita mama, alikuwa ameshasikia kila kitu.

"Waambie hakuna makaburi hapa."

"Mama, wewe ndiye uliyenionyesha."

"Mwanangu amesema tusilitaje jambo hilo kwa mtu yeyote. Kampuni ikisikia, itajitoa."

"Basi waambie wewe. Mimi siwezi."

Alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. "Unajua naweza kupigia simu ofisi iliyokutuma hapa."

"Najua, Mama."

Nilimfikiria binti yangu aliyekuwa anasoma chuo kikuu, College Park, na jinsi nilivyoipata kazi ile kwa shida. Nje hakuna aliyesogea. Nilisikia mzee akikohoa taratibu.

Mama akaomba fremu yake ya kutembelea. Tulikwenda hatua kwa hatua hadi mlangoni, naye hakutaka nimshike.

"Ukoo wenu unaitwaje?" akamuuliza mzee, bila salamu.

Mzee akautaja. Lilikuwa jina lile lile lililoandikwa kwenye sanduku la barua pale barabarani, jina la ukoo wa mama mwenyewe. Binti yake alimkazia macho mama. Niliogopa kwamba mmoja wao angesema lile ambalo wote watatu walikuwa wanalijua: jinsi jina la bwana lilivyowafikia watumwa wake, na pengine damu yake pia.

"Nyuma ya banda," mama akasema hatimaye. "Kuna matope. Huyu atawapeleka."

Niliwapeleka. Mzee alipita kutoka jiwe moja hadi jingine akiligusa kila moja, huku midomo yake ikisogea. Binti alipiga picha, kisha akaacha kupiga, akalia. Nilipogeuka nikamwona mama dirishani, amesimama.

Mwana wa mama, sijui aliambiwa na nani, alifika mchana huohuo. Hakunipigia kelele, aliniambia tu nichukue mkoba wangu. Ofisi ilinihamishia kwa mgonjwa mwingine mji wa mbali, Woodbridge, na sikupata kumuaga mama. Nilisikia baadaye kwamba alipelekwa kwenye makao ya wazee.

Kampuni haikujitoa. Ilijenga nyumba zake ikayaacha makaburi, ikayazungushia uzio wa chuma. Mwaka jana familia ya Kitanzania tunayosali nayo ilinunua nyumba mojawapo, ikatualika kwa maombi. Mwenye nyumba alinivuta jikoni.

"Dada, unajua pale ni makaburini? Pazia hili silifungui kabisa."

Nikamweleza niliyoyajua. Alisikiliza akiwa ameshika sahani, hakuketi. Nilipomaliza akalivuta pazia mwenyewe, likafunguka.

"Na jamaa zao huwa wanakuja?"

"Sijui. Yule mzee nilimwona siku ile tu."

"Wakija watapita wapi?" akauliza. "Huku kwetu hakuna lango."

Tukasimama dirishani, tukiufuata uzio kwa macho, tukitafuta lango.