Sponji Chafu Kutoka Embu

Nakumbuka asubuhi moja pale Makutano, Meru, nilipoamka nikakuta samaki wangu wamelala ubavu juu ya maji, wote isipokuwa mmoja. Ndiyo, mwanangu, mimi huyu nyanya yako nilifuga samaki ndani ya kioo mama yako akiwa bado hajaanza shule, kwa hiyo usinicheke. Jana uliponiambia umenunua tangi na unataka lijae samaki kabla ya wageni wa Jumapili, nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na watu. Leo tuko wawili tu. Weka hiyo simu chini unisikilize.

Siku hizo nilikuwa nikifuma sweta za shule kwa mashine, na tuliishi kwenye vyumba vilivyokuwa nyuma ya duka langu. Chumba kimoja alilala mdogo wangu Mutwiri. Alikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la kabichi, akaanguka kutoka juu ya magunia akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vizuri, daktari akamwambia aanze kusimama kwa mikongojo. Alijaribu mara moja, akaanguka, akasema hajaribu tena. Tangu hapo alilala akiutazama ukuta, kijana aliyekuwa akipiga mluzi njia nzima kutoka Mikinduri mpaka Nairobi! Niliogopa, mwanangu. Niliona kama anazikwa mzima ndani ya nyumba yangu.

Basi jirani yangu, daktari wa meno, akawa anahama. Aliniachia tangi la kioo, pampu na filta, vyote vikiwa vimekaa stoo mpaka vimekauka. Nikaenda Embu kwa Mwalimu Njeru, mzee mstaafu aliyefuga samaki wa mapambo uani kwake, nikanunua wadogo wekundu. Majirani walicheka sana. Sisi watu wa huku juu hata kuwala samaki hatukuwa tumezoea, sembuse kuwanunua wa kutazama! Lakini nilipoliweka tangi kando ya kitanda, Mutwiri aligeuka. Mmoja aliyekuwa hatulii alimpa jina Konda, kama makonda wa matatu.

Unajua ninavyopenda usafi. Kila asubuhi nilimwaga maji yote, nikatia mapya ya mfereji, nikaisugua filta kwa sabuni mpaka ikanukia. Chakula niliwapa kama wageni wa harusi. Ndipo ikafika ile asubuhi niliyokutajia. Aliyebaki alikuwa Konda, naye alikuwa juu anahema.

"Sista," Mutwiri akaniambia, "hata samaki wameona hapa si pa kuishi." Akageukia ukuta wake.

Nilipandwa na hasira nikasema yule mzee wa Embu ameniuzia samaki wagonjwa, na leo atanitambua. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Mikinduri kunisaidia kumtunza Mutwiri. Wakati nikingoja sweta nilizofua zikauke ndipo niende Embu, nikachukua kibuyu cha Mama cha uji nikaanza kukikwangua ndani kwa maji moto na sabuni. Alinirukia!

"Kagendo! Weka hicho kibuyu chini! Nani amekutuma?"

"Kinanuka, Mama."

"Kinanuka kwa sababu kinafanya kazi. Ule uji kidogo unaobaki humo ndio unaochachusha mwingine. Ukishakwangua hivyo, nitachachusha na nini? Na macho yako? Mtoto wewe, unataka kila kitu king'ae, hata kile kinachotulisha."

Aliniambia mengine pia, hayo nitabaki nayo. Lakini njiani kwenda Embu yale maneno ya kibuyu hayakunitoka. Nilipofika nilikuwa nimesahau matusi yote niliyoyapanga. Badala yake nikamuuliza Mwalimu Njeru kama maji ya samaki nayo yana kitu cha kuyachachusha, na kama nimekuwa nikikimwaga kila asubuhi.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Nani amekufundisha?"

"Mama yangu, akinigombeza kwa ajili ya uji."

Akanikalisha akanieleza. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa sumu inayoitwa amonia. Wapo bakteria wadogo wanaoila hiyo sumu na kuigeuza nitraiti, ambayo bado ni sumu. Wengine huichukua hiyo nitraiti wakaigeuza naitreti, na hiyo samaki huivumilia, mimea huitumia, na inayozidi huondoka ukibadilisha maji kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye filta na mawe. Kuwangoja waje wenyewe huchukua zaidi ya mwezi, na kwa baridi ya Meru huchelewa zaidi.

"Nawe umekuwa ukiwafukuza na sabuni," akasema. "Lakini unaweza kuwaazima."

Akakata kipande cha sponji kutoka kwenye filta ya tangi lake la zamani, akakitia ndani ya kopo pamoja na maji yake na mawe kiasi. Kilikuwa cheusi, kinanuka kama bwawa. "Usikioshe. Kisikauke. Na stima ikipotea pampu ikazima, yape maji hewa, maana hawa bakteria nao wanapumua." Akaniongezea kichupa cha matone ya kupimia, maji yakigeuka kijani nijue sumu ipo.

Niliitia kwenye filta yangu, lakini mwanangu, hakuna kitu kilichonishinda kama kutoiosha ile sponji. Tena akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja Jumamosi kumwombea Mutwiri! Walipoingia, Mama Kendi aliziba pua. "Kagendo, mbona umetuwekea kinamasi chumbani?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka kitandani. "Hiyo ni dawa, Mama Kendi. Tafadhali usiiguse."

Mutwiri hakuwa amemjibu mgeni kwa miezi. Kumbe kila nilipoenda dukani alikuwa akipima maji kwa yale matone, na aliona kijani kinapungua. Konda naye alikuwa ameshuka chini, anakula.

Kisha alasiri moja stima ikapotea mji mzima. Mashine yangu ilizima, nikakaa nikipiga soga na wateja, nikalisahau kabisa tangi. Nilipolikumbuka nilikimbia. Mlangoni nikasikia maji yanamwagika, nikadhani kioo kimepasuka.

Mutwiri alikuwa amesimama. Mkongojo mmoja kwapani, jasho linamtiririka, mkono mwingine una kikombe. Anachota maji ya tangi, anayainua juu, anayamimina tena ndani yatoe mapovu. Anachota, anamimina.

"Usisimame hapo kama mgeni," akaniambia. "Leta kikombe kingine."

Nililia, mwanangu, nikiwa na kikombe mkononi.

Sasa sikiliza ninachokuambia. Wageni wa Jumapili waonyeshe tangi lenye maji na mimea tu, watakunywa chai hivyo hivyo. Ukitaka kuharakisha, nenda kwa mtu ambaye samaki wake wana afya na tangi lake ni la siku nyingi, umwombe sponji iliyotumika, uje nayo ikiwa na maji yake. Maji ya mfereji yalaze kwenye ndoo ili dawa ya kuulia vijidudu itoke. Anza na samaki wachache, uwape chakula kidogo, pampu isizimwe, maji yasiwe baridi sana, na ubadilishe sehemu tu. Usiongeze wengine mpaka matone yakuambie sumu imekwisha. Na hata katika mambo mengine, ndoa yako hiyo changa na kazi, usione haya kuomba kwa waliotangulia, wala usikwangue kila kitu kwa sababu ya macho ya watu.

Mungu akubariki, mwanangu. Abariki mikono yako isichoke kutunza, na yeyote atakayelala mgonjwa nyumbani kwako aamke akiwa na sababu ya kusimama.