Alijenga Kwao, Akafia kwa Watu

Nilikuwa Karatina nikichagua viazi nilipoambiwa kwamba yule mwalimu wa useremala, jirani yangu wa mtaa wa Ruring'u mjini Nyeri, alikuwa amefariki hospitalini asubuhi hiyo. Viazi niliviacha pale pale. Nyinyi wasomaji mmezoea kuniona nikiwalaumu wengine; leo wa kulaumiwa ni mimi, wala sina hamu ya kujitetea.

Alitoka magharibi akaletwa Nyeri kufundisha miaka ya mwanzo ya uhuru, akapanga nyumba ya mbao iliyokuwa ikivuja. Mtu yule hakuweza kuishi na mlango uliolegea. Alibadilisha milango, akapiga dari, akatia madirisha mapya, yote kwa mfuko wake. Mwenye nyumba akaja, akapita chumba hadi chumba akisifu, kisha akapandisha kodi, ati nyumba sasa imekuwa nzuri. Tulicheka sana, naye akacheka nasi. Leo sioni tulichokuwa tukicheka.

Baadaye mwenye nyumba alipata shamba la mzungu aliyekuwa akiondoka, akataka kuuza nyumba haraka. Alimpa mpangaji wake nafasi ya kwanza, alipe polepole. Jirani yangu akanijia Jumapili baada ya kanisa kuniomba shauri. Mimi, msomi wa mtaa, nikamtupia methali: mwacha asili ni mtumwa. Nikamkumbusha kwamba kwao mwanamume akifa bila nyumba bomani mwa baba yake, ndugu humjengea kibanda cha haraka ili maiti ipate pa kulala. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nyumba ikanunuliwa na mtu mwingine, jirani yangu akabaki mpangaji wake. Kuanzia hapo, kila likizo, milango na fremu zilipakiwa juu ya basi kwenda magharibi, hadi akamaliza nyumba ya matofali alimolala Krismasi tu. Siku nyingine zote waliishi humo ndugu zake, ati wanamwangalizia.

Tulimzika huko mwezi uliopita, na jeneza lililala sebuleni mwake mwenyewe, kama nilivyotaka. Udongo haujakauka, kaka yake mkubwa akamwambia mjane kwamba nyumba ni ya ukoo, yeye atapewa chumba cha nyuma. Watoto wake wanne wamezaliwa Nyeri na wanasoma Nyeri. Akarudi nao Ruring'u, akamkuta mwenye nyumba anamngoja: mpangaji alikuwa marehemu, basi wahame ifikapo mwisho wa mwezi. Wahame na ile milango waiache.

Najua mtasema kupanga kuna nafuu yake. Ukihamishwa kazi, unafunga virago unakwenda. Kweli. Na kumiliki nako kuna heshima yake. Lakini sisi watumishi wa serikali tumejifunza kulipia vyote viwili, kodi huku na matofali kule, halafu mke na watoto wanakosa pa kuweka kitanda. Inaniuma, tena sana.

Juzi mjane alikuja kuniuliza kama najua mahali penye chumba cha kupanga. Nikamwambia nitaulizia. Alipomaliza chai akasema, "Mzee, hiyo siku alikuja kukuuliza maneno ya nyumba, ulimwambia nini?"

Nikamwambia yote, na methali yangu. Hakupandisha sauti.

"Mimi hakuniuliza," akasema. "Ningemwambia anunue."

Basi, mwanamume anayetaka kujua ajenge wapi asije tena kwangu, wala asiwaulize wazee wa ukoo. Amuulize atakayebaki ndani.