Mota Iliyozunguka Bure

Juzi, katika karakana moja ya Mshangano, niliona mota ikizunguka peke yake bila mkanda, nikahisi uso wangu ukiwaka kwa aibu.

Baba alikuwa na mota kama hiyo katika karakana yake ya useremala, Msamala. Aliiamsha kwa kuivuta kamba, ikanguruma, ndipo akawasha mashine ya kuranda. Mimi niliona inakula umeme bila kazi, na kwetu kuacha taa ikiwaka mchana lilikuwa kosa la kuchapwa.

Mchana ule wazee wa kigango walikuja kuona kama angeweza kutengeneza mabenchi ya kanisa jipya. Ubao ulikuwa katikati ya mashine, harufu ya mninga imejaa, nilipoizima ile mota. Mashine ya kuranda ikalia kama mtu aliyeelemewa, ikasimama, ikafuka moshi mchungu.

"Baba, nimezima ile inayozunguka bure!"

"Fundi, mtoto kakuzidi akili!" mzee mmoja akasema, wakacheka.

Baba akacheka nao. "Kweli, wazee wangu. Mashine yenyewe imechoka."

Usiku nililala na fahari. Sikujua kwamba umeme wetu ulikuwa wa njia moja, ule wa majumbani, mashine ilitaka wa njia tatu, ule wa viwandani, na mota ile ndiyo iliyoizalishia njia zilizokosekana.

Kazi ilikwenda kwa fundi mwingine. Jumapili ya kwanza katika kanisa jipya, baba alipapasa benchi kwa kiganja. "Wameranda vizuri," akasema, akanisogezea nafasi nikae.