Betri Nane kwa Kulala Mara Mbili

Kaka yangu ana jina zuri alilopewa na baba yetu, lakini sijalisikia likitumika tangu afungue karakana ya mabegi. Watu wote humwita Lita. Wengine wakiona begi la mgongoni huona rangi, huona zipu, huona mifuko ya pembeni. Yeye hulitupia jicho mara moja, akakunja midomo na kusema, "Arobaini na mbili," na ukilijaza kwa kopo la kupimia hutamkuta amekosea hata kikombe. Nimejaribu kwa mchele. Nilitamani sana akosee.

Nimemshonea mikanda miaka kumi na minne, kwa hiyo haya ninayosema nina haki ya kuyasema. Chumba chetu cha kazi ni kirefu na chembamba. Kina cherehani mbili nzito, rafu ya mabegi ukuta mzima, na katikati ya sakafu turubai la kijani ambalo ni mwiko kulikanyaga na viatu. Wateja wengi ni watu wa mjini wanaokwenda kulala kwenye mahema mwisho wa wiki: makarani, wauguzi, wachumba wapya ambao bado wanachekea kila kitu. Wote huja na wazo moja, begi kubwa kuliko yote. Kaka hawauzii ng'o.

"Unalala mara ngapi?" huwauliza.

"Mara mbili tu, fundi."

"Basi lita thelathini, thelathini na tano. Ukibeba na hema, arobaini. Zaidi ya hapo, wewe unahama, sema ukweli."

Na hata hilo dogo hupewi mpaka ulete kila unachotaka kubeba, uvue viatu, ukitandaze juu ya turubai. Kaka huchuchumaa mbele ya mali yako kama hakimu na kuanza kupunguza. Suruali ya tatu, nje. Kioo cha ukutani, nje; naapa, yuko mtu aliyeleta kioo cha ukutani. Kinachobaki ndicho kinachochagua begi. Halafu hukupima mgongo kwa futi ya kamba, kuanzia ule mfupa uliotokeza shingoni hadi juu ya nyonga, maana uzito unatakiwa ukae nyongani na mabega yashike tu lisiyumbe. Mwisho hukupandisha ngazi za jengo letu hadi orofa ya nne ukiwa na begi limejaa. Ukishuka umenuna, anakurudisha kwenye turubai.

Tabia iliyonichosha ni majigambo. "Nikiona vitu vya mtu hapa chini, namjua kuliko mama yake," husema. Na ubaya ni kwamba mara nyingi alipatia. Kuna kijana aliyeleta jozi moja ya viatu vya kupandia mlima na jozi nyingine ya ngozi iliyong'arishwa. Kaka akamwambia, "Wewe unakwenda kuposa huko." Kijana akarudi Jumatatu na mchumba. Kichwa cha kaka kikavimba mwezi mzima.

Wateja hawakujua jambo moja. Huyu bingwa wa mabegi ya kambini hajawahi kulala kambini hata mara moja. Akiulizwa husema kazi zimembana. Uongo. Kaka yangu hawezi kulala gizani. Tangu tukiwa watoto, taa ikizimwa huamka anahema, jasho linamtiririka, anapapasa ukuta. Hili tulilijua watu wawili tu, mimi na mkewe. Wifi yangu amelala miaka ishirini na miwili na taa ikiwaka juu ya kichwa chake, kitambaa machoni, na hajamtolea mtu siri hiyo. Mimi ningeshamtangaza zamani.

Sasa, Alhamisi moja saa saba mchana, Mwalimu alikuwa pale. Huyu ni mwalimu wa hesabu na kiongozi wa kundi la watu wanaokwenda milimani. Alikuja na wenzake watatu kujaribu mabegi ya safari ya kesho yake. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia wifi na vikapu viwili. Yeye hufanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya macho, na saa ile hula chakula chake hukohuko. Nikashangaa.

"Fundi, naomba begi," alisema.

Kaka akacheka. "La sokoni?"

"La kambini. Naondoka kesho na kina Mwalimu. Nalala mara mbili."

Nilijichoma sindano. Kaka alibaki ameshika futi yake hewani. Wifi huyu, ambaye akienda kwa dada yake mtaa wa tatu huaga siku mbili kabla! Nilimtazama Mwalimu, naye akaitazama dari kwa bidii sana.

"Wewe? Kambini? Tangu lini?"

"Nimeleta vitu," wifi akasema, huku akivua viatu. "Si unasema unajua kusoma watu? Haya, nisome."

Akatandaza. Jamani, nilibaki mdomo wazi. Miaka yote niliyodhani huja pale kuleta chai tu, kumbe alikuwa anasoma darasani. Vizito alivipanga vitakapokaa karibu na mgongo, vyepesi pembeni, koti la mvua la kuwa juu kabisa. Hema dogo. Jiko la gesi la kiganja. Nguo za kubadili mara moja. Hakuna cha kupunguza. Kaka alichuchumaa, na nikaona anajivuna, kwamba mwanafunzi huyo ni wake.

Halafu akafika kwenye taa. Ilikuwa taa ndogo ya kutundika ndani ya hema, na kando yake betri zimepangwa mstari. Akazihesabu.

"Nane? Taa hii inakula mbili tu. Betri nane kwa kulala mara mbili, za nini? Unataka kuiwasha mpaka asubuhi?"

Wateja wakacheka. Wifi hakucheka. "Ndiyo," alisema taratibu, akimtazama usoni. "Mpaka asubuhi."

"Uzito wa bure. Nje," kaka akasema, na kuzisukuma pembeni kwa mkono.

Cherehani yangu ilisimama yenyewe. Nilielewa palepale. Nilitaka kupiga kelele, *kaka, rudisha hizo betri!* Lakini ningepiga vipi bila kumwanika mbele ya wateja wake? Kwa hiyo nikakaa kimya, na sijajisamehe.

Maana mkono wake ulikuwa unaendelea. Vikombe viwili. Vijiko viwili. Mfuko wa kulalia, mpana, wa watu wawili. Miswaki miwili mipya, mweupe na wa bluu. Na chini ya taulo, sweta jipya la kiume, zito, bado lina karatasi ya dukani. Kaka alilinyanyua kwa vidole viwili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hili la nani?"

"Si unasoma?" Wifi alikuwa anatabasamu bado. Maskini, alikuwa bado anatabasamu. "Soma."

"Nimeshasoma," kaka akasema. Akasimama. "Una mwanamume."

Nimesikia watu wakitukanana, nimesikia watu wakipigana, lakini neno lile, kutoka kwenye kinywa cha ndugu yangu, mbele ya watu baki wanne, lilipita hayo yote. Na hakukomea hapo. "Miaka ishirini na miwili! Halafu unakuja kunitandazia aibu yako juu ya turubai langu mwenyewe?"

Tabasamu la wifi halikuondoka mara moja. Lilichelewa, kana kwamba halikuamini. Akamtazama kaka, akazitazama zile betri pale pembeni, akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Ndipo nikajua kwamba hata sasa, baada ya kupakwa matope hadharani, bado alikuwa anamlinda mtu yule na siri yake.

Akapiga magoti. Akatoa kikombe kimoja, kijiko kimoja, mswaki wa bluu, sweta, akavipanga upande wa zile betri. Mfuko mpana akaurudisha kikapuni, akanyanyua shuka zito la kujifunikia mezani kwangu bila kuniuliza.

"Mtu mmoja," alisema. "Analala mara mbili. Lita ngapi, fundi?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake kaka aliulizwa lita na hakujibu. Wifi akajichukulia la thelathini kutoka kwenye rafu, akalipakia, akalivaa, akakaza mkanda wa nyongani kama ipasavyo, akatoka. Tulisikia hatua zake zikipanda ngazi. Orofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tulizisikia zikishuka. Alipopita mlangoni wala hakuwa anahema.

"Linanitosha," akasema, akaenda zake.

Mwalimu alikohoa. Alikuwa amekunjua daftari lake na kulishika mbele ya kifua. "Fundi, mimi simo katika mambo ya watu. Ila mama aliandikisha nafasi mbili. Jina lake, na lako hili hapa. Alisema tusikwambie, utajisomea mwenyewe juu ya turubai."

Kaka alilitazama jina lake, lile alilopewa na baba yetu, kana kwamba ni la mtu mwingine. Nami nikashindwa kujizuia. "Kaka," nilimwambia, "hebu zihesabu tena zile betri."

Akazitazama. Niliona zinamwingia moja baada ya nyingine. Kisha akakaa chini, katikati ya turubai, na viatu vyake miguuni.

Wifi alilala kwangu siku ile. Aliomba nizime taa, apumzishe macho. Haikupita nusu saa akaniomba niiwashe. Amezoea mwanga, hawezi tena kulala bila huo. Tulishangaa wote wawili, tukacheka, kisha tukaacha kucheka.

Asubuhi saa nne, basi la kundi lilikuwa linasubiri nje ya shule ya Mwalimu. Nilimsindikiza wifi, akapanda, akakaa, na kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu. Dereva alikwisha kuwasha injini ndipo nikaona kitu kinakuja barabarani. Nasema kitu kwa sababu mtu mwenyewe hakuonekana vizuri. Lilionekana begi la lita sitini na tano, lile la maonyesho tulilolitundika dirishani miaka sita bila kumwuzia binadamu, limejaa mpaka linapumua, limefungiwa mito miwili juu na birika kwa nyuma. Chini yake alikuwa kaka yangu, analoa jasho, mkanda wa nyongani unaning'inia ovyo.

"Fundi!" muuguzi mmoja wa kundi akaropoka dirishani. "Unahama?"

Kaka alisimama mbele ya mlango wa basi, na nikadhani atamwita mkewe ashuke wazungumze pembeni. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo. Badala yake alipaza sauti.

"Jana nilimsema mke wangu mbele yenu. Basi na leo nasema mbele yenu. Hana mwanamume mwingine. Vile vitu vilikuwa vyangu. Zile betri zilikuwa zangu." Akaushika ule mkanda unaoning'inia. "Mimi silali bila taa. Nina miaka hamsini na mmoja na naogopa giza. Yeye amejua siku zote, na jana alikubali mumfikirie vibaya kuliko mnicheke mimi."

Nilishika mdomo. Siri aliyoificha maisha yake yote, ameimwaga barabarani, mbele ya wateja, mchana kweupe! Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo lilinishangaza.

Wifi akashuka. Akalivua koti lake la mvua na kulitandaza ukingoni mwa barabara.

"Tandaza," alisema.

Kaka alipiga magoti na kuanza kutoa. Suruali nne. Jozi tisa za soksi. Taulo la kuogea. Nyundo. "Nyundo ya nini?" wifi akauliza, na kaka akasema hajui. Pasi ya umeme. Kila kimoja wifi alikitazama na kusema, "Nje," na kila kimoja kikaishia mikononi mwangu. Mwisho kabisa, chini kule, kikatoka kikombe, kijiko, mswaki wa bluu, sweta, na mfuko wa nailoni wenye betri nane.

"Hivi vinaenda kwenye lita ngapi?" wifi aliuliza.

"Kumi," kaka akasema kwa sauti ndogo.

"Utavibeba humohumo kwenye sitini na tano. Mpaka juu."

Kaka akalivaa. Lilimning'inia mgongoni likiwa tupu, limesinyaa, na kundi zima sasa likacheka, naye akacheka kidogo. Alipotaka kumshika wifi mkono, wifi akaurudisha nyuma. "Usinishike. Bado nimekasirika, na kesho nitakuwa bado nimekasirika."

"Sawa, mke wangu."

Aliinama kuziokota zile betri azitie begini mwake, lakini wifi alikwisha kuziwahi. Alifungua mfuko wa juu wa begi lake mwenyewe, ule wa vitu vinavyohitajika haraka, akazitia humo na kufunga zipu.

"Hizi nabeba mimi," alisema, akapanda basi.

Kaka akamfuata. Nilibaki pale ukingoni na mito, birika, nyundo na jozi tisa za soksi, nalia mbele ya wanafunzi wa watu.