Jaji Asiye na Meno

Enzi zetu pale Butembo, mchumba hakuonja fufu ya kwetu kabla ya kupita mbele ya jaji, na jaji mwenyewe hakuwa na jino hata moja. Alikuwa mtoto mchanga wa nyumba. Mgeni alipakatishwa mtoto, sisi tukaacha mpira wetu wa majani ya ndizi tukajazana mlangoni, na Mukaka, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, akakaza macho. Mtoto akitabasamu, sufuria zinafunuliwa. Akilia, mgeni anapewa maji ya kunywa na kusindikizwa vizuri.

Shangazi Masika alipendwa na Kalala, mwalimu aliyetoka Kasai, mtu wa ndevu nyingi. Kila alipopita kwetu jioni, mdogo wangu Kahindo, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, alizishika ndevu zile kwa mikono miwili na kucheka mpaka kwikwi. Sisi tuliona kesi imekwisha. Kumbe Jumapili ya kujitambulisha rasmi, baada ya misa, mwalimu aliona heshima ni kunyoa. Akaja na kidevu kinang'aa kama sahani.

Kahindo alimtazama. Akamtazama tena. Kisha akapiga yowe ambalo nadhani walilisikia hadi kijiji cha Kalunguta.

"Mutoto ameona kitu," Mukaka akasema. "Mutoto hapana kudanganyaka."

"Lakini Mukaka, ni miye ule ule," mwalimu akajitetea, jasho likimtoka katika baridi yetu ile. "Ni ndevu tu nilinyoa."

Uamuzi wa Mukaka haukukatiwa rufaa. Harufu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilijaa chumba na hakuna aliyefunua kitu. Nilimwona shangazi machozi yakimlengalenga, nikamchukia mdogo wangu kwa moyo wote. Ndipo shangazi alipoinuka, akafungua kitenge chake cha juu, akakizungusha kwenye kidevu cha mchumba wake mbele ya wazee wote. Yakabaki macho tu. Kahindo akanyamaza, akayachunguza, akanyoosha mikono akicheka.

"Basi mulete chakula," Mukaka akasema. "Lakini weye, hapana kunyoa tena."

Hajanyoa mpaka leo, na ndevu zimekuwa nyeupe. Juzi yeye na shangazi walitoka kwao Bungulu, kule Beni, kuja kumwona mjukuu wangu. Watoto wa siku hizi sura wanazijua kwenye simu. Baba yake huyu yuko Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu, shangazi zake wako Kinshasa, wote wanapitishwa kwa kidole kwenye kioo. Nilitamani sana mjukuu amkazie mzee Kalala macho kwa utulivu, kama Kahindo alivyofanya. Alimtazama kidogo tu, kisha akampitishia kidole shavuni, ili aje mwingine.

Tulicheka, ingawa mimi roho iliniuma kidogo. Mzee hakusogea. Akapitishiwa kidole tena.

"Huyu hatokake kwa kidole, mutoto wangu," shangazi akasema. "Zoea tu. Na miye nilizoea."